Mvinyo mtamu uliogeuka rangi ya chai: umezeeka, au umeliwa na hewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasimamia vinywaji katika hoteli ndogo hapa Moshi. Mwenye hoteli amerithi kwa mjomba wake katoni moja ya mvinyo mweupe mtamu wa Sauternes, eneo la Bordeaux huko Ufaransa, mavuno ya 2005, chupa kumi na mbili ndogo za mililita 375. Nimefungua moja. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea kidogo, na harufu ni ya asali, ganda la chungwa lililokauka, na kitu kinachonikumbusha uwatu. Mgeni mmoja aliyeuonja alisema umeoksidika, yaani umeliwa na hewa, kabla ya wakati wake na kwamba chupa zote zitakuwa hivyohivyo. Zimebaki kumi na moja. Je, nizimwage, au ipo namna ya kujua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwage hata tone kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu dalili ulizozitaja hazitoshi kuuhukumu mvinyo wa aina hiyo. Ungeniandikia kwamba ni mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa miaka mitano, wenye rangi ya chai na harufu ya asali na uwatu, ningekujibu kwa sentensi moja kwamba umekufa. Kwa Sauternes ya 2005 dalili hizohizo huenda zikawa ni uzee tu, tena uzee mwema. Hewa lazima imeingia, maana chupa iliyozibwa kwa kizibo cha gome la mti huingiza hewa kidogo kidogo kila mwaka. Linalotakiwa kujulikana ni kama imeingia kupita kiasi, na jambo hilo halijulikani kwa chupa moja. Hujulikana kwa kuilinganisha chupa na ndugu zake, na kwa kuusikiliza mwisho wa ladha kuliko mwanzo wake.

Nianze na mgeni wako, kwa kuwa hakusema upuuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa mivinyo myeupe mikavu ya Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, walianza kufungua chupa za mavuno ya 1995 na 1996 walizozitunza wakitarajia zingedumu miaka mingi, wakakuta kinywaji cha rangi ya kahawia chenye harufu ya tufaha lililopondeka, huku chupa ya pili kutoka katoni ileile ikiwa nzima na inang'aa. Kilichowachanganya hasa ni kule kuharibika bila utaratibu, kwa maana mvinyo ungeharibika wote wangesema mavuno yalikuwa mabaya, wakaishia hapo. Walilaumu vizibo, wakalaumu kupunguzwa kwa salfa, ambayo hutiwa kuulinda mvinyo na hewa, wakalaumu mashine mpya zinazokamua zabibu kwa upole mno, wakalaumu desturi ya kukoroga mashapo ndani ya mapipa, na hakuna sababu moja iliyobeba lawama yote peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, Profesa Denis Dubourdieu, aliyefariki mwaka 2016, pamoja na wenzake, walifanya kazi kubwa ya kueleza kemia ya uzee huo wa mapema, na kwangu ni jambo la kupendeza kwamba familia ya bwana huyo ndiyo yenye Château Doisy-Daëne huko Barsac, jirani kabisa na Sauternes, kunakotengenezwa mvinyo mtamu. Aliijua mikavu, aliijua na mitamu. Tatizo ni kwamba wengi waliojifunza hofu ile kutoka kwa mivinyo mikavu waliihamishia kwa mitamu kama ilivyo, bila kubadilisha kipimo.

Kipimo hakiwezi kuwa kimoja, na sababu yake inaanzia shambani. Wilaya ya Sauternes inapitiwa na kijito kiitwacho Ciron, chenye maji ya baridi kwa kuwa kinapita chini ya miti, nacho kinamwaga maji yake katika mto Garonne ambao ni wa vuguvugu zaidi. Wakati wa vuli ya Ulaya maji hayo mawili yanapokutana, ukungu hutanda alfajiri juu ya mashamba, kisha jua la mchana huuondoa. Lugha yetu imebahatika kuwa na neno moja kwa vitu viwili, kwa hiyo naweza kusema kwa kifupi kwamba ukungu ndio unaoleta ukungu: unyevu wa asubuhi huwalea kuvu wanaoitwa kitaalamu Botrytis cinerea, nao hutoboa ganda la zabibu, maji yakatoka, sukari na asidi zikabaki zimejikusanya. Wavunaji hurudi shambani mara kadhaa, wakichuma tu zile zabibu zilizokwisha kusinyaa, na sheria ya eneo hilo hairuhusu zaidi ya hektolita 25, yaani lita 2,500, kwa hekta. Mwaka ambao kuvu hawakuja vizuri, mwenye heshima zake hatengenezi. Château d'Yquem, iliyowekwa peke yake juu ya wenzake wote katika madaraja ya mivinyo mitamu ya Bordeaux ya mwaka 1855, haikutoa mvinyo wake mtamu wa mavuno ya 2012.

Sasa angalia maana yake kwa swali lako. Kuvu hao huacha ndani ya zabibu kimeng'enya kiitwacho lakasi, ambacho kazi yake ni kuzioksidisha fenoli (vitu vya zabibu vinavyogeuka rangi vikikutana na hewa), yaani kufanya jambo linalofanana na lile unaloliona ndizi iliyomenywa inapogeuka nyeusi mezani. Zabibu ya Sauternes basi huingia kiwandani ikiwa imekwisha kuonja hewa. Pili, kuvu huacha vitu vingi vinavyoishika salfa dioksaidi na kuifunga, na salfa iliyofungwa hailindi chochote. Ndiyo sababu sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu Sauternes iwe na hadi miligramu 400 za salfa kwa lita, wakati mvinyo mweupe mkavu wa kawaida huishia 200. Mtu akiisikia namba hiyo hudhani mvinyo mtamu una ngao mara mbili, kumbe sehemu kubwa ya ngao hiyo imekwisha kutumika kabla chupa haijatoka kiwandani.

Ndani ya chupa kinachotokea ni hiki. Hewa inayopenya, ikisaidiwa na chembe kidogo za chuma na shaba, huzigeuza fenoli, na katika kufanya hivyo huzaliwa hidrojeni peroksaidi. Salfa ikiwepo na ikiwa huru, huidaka peroksaidi hiyo ikaisha nguvu. Salfa ikikosekana, peroksaidi hukigeukia kilevi chenyewe na kukifanya asetaldehaidi, ambayo ndiyo harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa. Wakati huohuo matunda mabichi ya harufu hupotea, kwa kuwa vile vitu vyenye harufu ya balungi na maua navyo huliwa.

Halafu kuna uwatu wako, ambao umenifurahisha kwa sababu pua yako imesema kweli kuliko unavyofikiri. Kitu kinachoupa uwatu harufu yake kinaitwa sotoloni, na sotoloni hiyohiyo, molekuli ileile, hujitengeneza katika mivinyo inayozeeka. Katika mvinyo mkavu mchanga ni dalili mbaya inayojulikana na kila mwonjaji. Katika mvinyo uliotokana na kuvu wa Sauternes ni sehemu ya tabia yake, huwemo hata ukiwa kijana, na huongezeka kadiri miaka inavyopita. Iko pia katika Tokaji, mvinyo mtamu wa Hungaria, iko katika mivinyo ya Jerez huko Hispania, na hakuna anayeilalamikia huko. Mtu wa pwani aliyekulia katika nyumba inayopika kwa uwatu huitambua kabla ya mtaalamu wa Ulaya, ambaye hulazimika kusema «kari» kwa kukosa neno bora. Kwa hiyo ukiisikia harufu hiyo, andika kwamba umeisikia, kisha endelea kunusa. Ukiikuta imekaa pamoja na ganda la chungwa, aprikoti kavu, zafarani au sukari iliyoungua kidogo, mvinyo uko hai. Ukiikuta peke yake, na nyuma yake hakuna tunda lolote, hapo ndipo pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Rangi nayo ni shahidi dhaifu. Sauternes huanza na rangi ya majani makavu, ikawa dhahabu, ikawa shaba, ikawa kahawia, na ipo mivinyo mikongwe kuliko mimi na wewe yenye rangi ya mbao za mninga ambayo bado inaimba. Zaidi ya hayo, sukari ikikaa na joto huungua polepole na kutia rangi hata pasipo hewa, kwa hiyo chupa iliyopashwa joto hufanana na chupa iliyoliwa na hewa ukiitazama kwa macho tu. Ninakiri kwamba nikiwa kijana, katika mgahawa nisioutaja, niliwahi kuimwaga kwenye sinki chupa nzee ya mgeni kwa sababu ya rangi, nikamletea nyingine changa kwa kujivuna kabisa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nilikuwa nimeionja, nami nilikuwa sijaionja.

Sukari ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Sauternes ya kawaida ina gramu 120 hadi 150 za sukari kwa lita, wakati soda ya kola ina kama gramu 106. Sukari hiyo haiendi popote. Tunda likifa, harufu ikifa, sukari itabaki palepale, na mwonjaji asiye na uzoefu atasema mvinyo ni mzima kwa kuwa bado ni mtamu. Kinachotofautisha mvinyo mtamu mzima na sharubati ni asidi inayokuja nyuma ya utamu na kuufagia ulimi, ili mtu atamani funda jingine. Oksidisho haliiondoi asidi yenyewe kwa kiasi cha kutisha, lakini linaondoa vyote vilivyokuwa vinaiunganisha na utamu, hivyo unabaki na utamu yatima upande mmoja na ukali mtupu upande wa pili, na katikati pamekuwa wazi kama kinywa kisicho na meno.

Nikuonyeshe kwa mfano nilioushuhudia. Julai moja hapa Arusha, jioni ile ya baridi ya kuvaa sweta mbili, tulikaa watu wanne mezani na chupa mbili za Barsac za mavuno ya 1989, kutoka katoni moja, zilizosafiri pamoja na kulala pamoja. Mwenzetu mmoja alizishika mbele ya taa, na kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na rangi ya shaba nzito na ya pili ilikuwa nyepesi kidogo, aliisogeza ya kwanza pembeni akisema hii imekwenda. Tulizionja zote mbili. Ile nyepesi ilinukia asali, lakini asali iliyochemshwa, isiyo na ua ndani yake, na baada ya dakika chache ikaja harufu ya tufaha la kahawia na ganda la karanga. Mdomoni ilianza vizuri, kisha ikakatika ghafla kana kwamba mtu amezima taa, ikaacha ukavu fulani nyuma ya meno. Ile nzito ilinukia uwatu, ndiyo, na sukari guru, lakini chini yake mlikuwa na aprikoti, chungwa na kitu cha kijani kama jani la mlimau lililosuguliwa. Ilipoingia mdomoni utamu wake ulijaa, kisha asidi ikaja juu yake kama ndimu iliyokamuliwa juu ya papai, na ladha ilikaa muda mrefu kiasi kwamba tuliacha kuzungumza. Yule mwenzetu aliirudisha katikati ya meza mwenyewe. Sijui alichokuwa anakifikiri, ila tangu siku hiyo hajawahi kunionyesha chupa mbele ya taa.

Funzo la chupa zile mbili kwako ni kwamba kila aina ya uharibifu ina namna yake ya kugawanyika ndani ya katoni. Oksidisho la mapema linalotokana na vizibo huwa la bahati nasibu: chupa hii imekufa, ya jirani yake ni nzima. Joto halibagui, likiipata katoni huzipata chupa zote, na zote zitafanana, zikiwa na ladha ya matunda yaliyopikwa na jamu. Uzee wa kawaida nao hauna upendeleo, ila wenyewe huacha uhai nyuma. Kwa hiyo mgeni wako aliposema kwamba umeoksidika mapema na kwamba zote zitakuwa hivyohivyo, alijipinga bila kujua. Kama ni hewa ya mapema, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazitalingana. Kama zote zinalingana, basi tumtafute mhalifu mwingine.

Mhalifu huyo kwa upande wetu wa dunia, mimi nitamtaja kabla sijaiona katoni, ni joto. Mjini Moshi mko kwenye kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Januari hadi Machi mchana hupita nyuzi 30 bila shida. Mvinyo huu ungependa kulala kwenye nyuzi 12 hadi 14. Kwa kanuni ya jumla, kila joto linapopanda nyuzi 10, kazi ya kemia ndani ya chupa hukaribia kuongezeka mara mbili, kwa hiyo mwaka mmoja katika stoo yenye paa la bati si sawa na mwaka mmoja katika handaki la mawe kule Barsac. Hapa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, tunapata nafuu, ingawa si kubwa kiasi cha kujisifu. Kabla hujafungua chupa nyingine, mwulize mwenye hoteli mambo mawili: mjomba wake aliinunua wapi, na aliiweka wapi. Kama ilikuja kwa kontena na ikakaa bandarini wiki mbili wakati wa kiangazi, hiyo peke yake ni habari kubwa. Kama ilikaa miaka kumi juu ya kabati karibu na jiko, ni habari kubwa zaidi. Na kama marehemu alikuwa na nyumba ya mawe huko juu Kibosho au Marangu, ambako baridi ya mlima hushuka usiku, unaweza kutabasamu.

Ukishajua historia, zitoe chupa zote kumi na moja uzisimamishe kwenye mstari, juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha lakini si kwenye jua lenyewe. Bahati nzuri ni kwamba chupa za Sauternes ni za kioo cheupe, hivyo unaona kila kitu. Hapa rangi inakuwa na maana, kwa sababu hulinganishi na picha ya kichwani mwako bali unalinganisha ndugu na ndugu. Chupa iliyo nyeusi kuliko wenzake kwa kiasi kinachoonekana ni mshukiwa, ijapokuwa, kama ulivyoona, mshukiwa huachiwa wakati mwingine. Halafu angalia kimo cha mvinyo shingoni. Kwa umri huu kushuka kidogo chini ya kizibo ni kawaida; ukiona umeshuka hadi penye mabega, kizibo hakikubana, na kilichotoka kimeachia hewa nafasi yake. Pitisha kidole chini ya karatasi ya kifuniko kuona kama pananata. Sukari iliyokauka hapo ni alama kwamba mvinyo uliwahi kusukuma kizibo na kutoka nje, na kisa chake mara nyingi ni joto. Kumbuka pia kwamba chupa zako ni ndogo. Kizibo ni kilekile, shingo ni ileile, lakini mvinyo ni nusu, kwa hiyo hewa inayopita humgawia kila mmoja fungu kubwa zaidi. Nusu chupa ya 2005 ina haki ya kuonekana mzee kuliko chupa kamili ya mwaka huo.

Kutoka kwenye mstari huo chagua mbili, moja yenye kimo kizuri na rangi nyepesi, moja yenye kimo cha chini au rangi nzito, uzifungue siku moja. Usizipoze kupita kiasi, kwani baridi kali huficha harufu na huficha makosa. Nyuzi 11 au 12 zinatosha. Mimina kidogo katika glasi mbili kwa kila chupa, moja uiache wazi na nyingine uifunike kwa kisahani. Nusa mara moja, nusa baada ya nusu saa, nusa baada ya saa mbili, kisha ziweke chupa kwenye friji uzionje kesho yake. Mvinyo mzima uliokaa miaka mingi umefungwa mara nyingi huamka taratibu: ile harufu nzito ya mwanzo husogea kando na tunda likajitokeza. Mvinyo ulioliwa na hewa hauamki, bali kila saa inayopita huuteremsha. Kipimo cha siku ya pili nakiamini sana, kwa kuwa Sauternes iliyo hai hukaa kwenye friji siku kadhaa bila kuonyesha kinyongo, na ile iliyokufa huwa imegeuka maji ya sukari kufikia asubuhi.

Uwe macho usije ukaichanganya hewa na makosa mengine. Harufu ya karatasi ya boksi iliyolowa au ya stoo yenye kuvu ni ugonjwa wa kizibo, nao hauna dawa. Harufu kali kama ya rangi ya kucha, au siki inayochoma pua, ni asidi tete, ambayo mivinyo ya kuvu huwa nayo kidogo kwa asili na kidogo hicho huipa uchangamfu. Anayeijua mbege iliyopitiliza siku zake anajua mstari uko wapi, na hapa Kilimanjaro sidhani kama nahitaji kueleza zaidi. Mapovu yanayochomachoma ulimi ni hamira iliyoamka na kuanza kuila sukari upya. Punje nyeupe chini ya chupa ni chumvi za asidi zilizojikusanya kwa miaka, hazina madhara, wala si vipande vya kioo kama mhudumu mmoja alivyoniletea habari akiwa anatetemeka.

Kuhusu usalama, maana naona hukuuliza lakini mwenye hoteli atauliza: mvinyo ulioliwa na hewa si sumu. Umepoteza thamani ya mezani, haujawa hatari. Ukizikuta zilizokufa, usizimwage. Wape jikoni wazichemshe pamoja na iliki na nanasi hadi zibaki theluthi, wamimine juu ya aiskrimu. Kwenye sufuria uzee huo unakuwa faida.

Zile zilizo hai usiziuze kama mvinyo wa kawaida kwa glasi bila maelezo, kwa sababu mgeni asiyeonywa ataiona rangi ile na kusema aliyoyasema mgeni wako. Mweleze kabla hujamimina kwamba ni mvinyo wa 2005 uliokomaa, mwonjeshe funda moja, kisha umwachie aamue. Mpe pamoja na jibini la bluu au maini ya kuku yaliyopikwa kwa siagi, usimpe na keki, kwa sababu keki tamu kuliko mvinyo huifanya hata Yquem ionekane chachu. Wala usizitunze kwa matumaini kwamba zitakuwa bora zaidi. Kwa nusu chupa, kwa umri huo, na kwa hali ya hewa ya Moshi, hakuna tena cha kusubiri.

Mpaka hapo utakapozifungua, ziondoe stoo leo hii. Friji ya kawaida ya jikoni, iliyowekwa kwenye alama yake ya joto la juu, ni bora mara kumi kuliko rafu yenye joto, hata kama vitabu vinasema friji ni kavu mno. Ukavu huo huchukua miaka kukiumiza kizibo, nawe huhitaji miaka. Zilaze, zifunike kwa kitambaa kwa sababu kioo cheupe hupitisha mwanga, na umeme ukikatika usifungue mlango. Anza na zile zenye kimo cha chini kabisa, malizia na zile zilizojaa hadi shingoni. Ukishafungua hizo mbili za kwanza niandikie kimo cha kila moja, ulichokinusa baada ya saa mbili, na ulichokikuta asubuhi yake, nami nitakuambia kama ni joto, ni kizibo, au ni mjomba aliyejua kununua.